Mwalimu, Umekonda: Mwongozo kwa Aliyepangiwa Kasulu au Kibondo

Jina lako limetoka kwenye orodha ya walimu ya TAMISEMI, kituo ni shule ya msingi iliyoko Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, na ndugu zako wa Moshi, Mtwara na Mbagala wamekupa pole kama mtu aliyefiwa. Kwao Kigoma ni mwisho wa reli, na tangu reli hiyo ilipofika ziwani mwaka 1914 hawajabadilisha maneno. Wamekuonya kuhusu urefu wa safari, ubaridi wa asubuhi na udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu. Watoto hawakutajwa. Mwongozo huu unaanza na watoto, kwa sababu ndio watakaokuambia, mapema kuliko mtu mwingine yeyote, kwamba una kichwa kikubwa.

Maandalizi yaanze nyumbani. Kabla hujafunga begi, simama mbele ya kioo na utaje kwa sauti kila kitu ambacho mtu mzima angekiona akanyamaza: kipara kinachopanda, kitambi, pengo, kovu la shavuni, chunusi, weusi wako, weupe wako. Rudia mpaka sauti isitetemeke. Utakayoyasikia darasani hayatazidi hayo, ila yatasemwa na mtoto aliyesimama wima, mikono nyuma, baada ya kukuamkia vizuri kabisa. Utaratibu ndio huo siku zote. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. "Mwalimu, mbona masikio yako makubwa?" Shikamoo ile ilitoka moyoni, na swali nalo limetoka hapo hapo. Mtoto amefundishwa kuheshimu wakubwa na amefundishwa kuuliza asichokielewa, naye amefanya yote mawili kwa pumzi moja.

Asubuhi yako ya kwanza utageuka ubaoni kuandika tarehe. Unga wa chaki utashuka kwenye mkono wa shati, mwingine utatua kwenye nywele za mbele. Ukigeuka tena, wanne waliobanana kwenye dawati la kwanza watakuwa wameacha kuandika. "Mwalimu, una mvi." Hapo jibu lifuate njia moja: kubali kilicho kweli, kieleze kwa sentensi moja, rudi kwenye somo. "Hii nyingine ni chaki, lakini mvi ninazo kweli. Baba yangu naye zilimtoka mapema. Haya, tarehe ya leo." Ukijifanya hukusikia, swali litarudi kesho likiwa na wenzake. Ukipandisha sauti, darasa zima litajua mahali pa kukugusa, na jina la utani utakalopewa litatoka hapo hapo. (Jina la utani utapewa tu. Usifanye uchunguzi kumtafuta aliyelitunga, maana kipindi kizima kitaishia humo na jina litabaki.)

Jambo la kuelewa mapema ni lugha. Watoto wengi wa huku wanakuja darasa la kwanza na Kiha cha nyumbani. Kiswahili cha shule wanakianza na sehemu za mwili na sifa: kichwa, pua, tumbo, refu, fupi, nene, eupe, eusi. Ndiyo mali waliyo nayo, na wewe umesimama mbele yao ukiwa na kichwa, pua na tumbo. Zile njia za kuzunguka ambazo mtu mzima anazitumia, za "naona siku hizi mwili umekubali" na "hali ya hewa imekupenda", huja baada ya miaka mingi ya kuishi ndani ya lugha. Nenda sokoni ukajaribu Kiha chako. Baada ya "mwakeye" ya asubuhi na "mwidiwe" ya mchana, utajikuta nawe unamwambia mama muuza maharage maneno makavu, kwa sababu laini huna. Yeye atakuvumilia. Basi nawe mvumilie mwanawe.

Mambo yaleyale yanawapata walimu wa kigeni wanaofundisha Kiingereza nchini Korea Kusini. Mtoto wa Seoul anamwambia mwalimu ana pua ndefu au uso mdogo, na uso mdogo kule ni sifa njema. Ila nchi hiyo imelazimika pia kutazama upande wa pili wa mazoea hayo. Mwaka 2019 sheria ilianza kuwazuia waajiri wa kampuni zenye wafanyakazi 30 na zaidi kumdai mwombaji wa kazi taarifa za urefu na uzito wake pale ambapo kazi yenyewe haihusiki nazo. Kumtazama mtu ni jambo jepesi mpaka kutazamwa kunapoamua riziki yake. Nalileta hapa kwa sababu nitalihitaji huko mbele.

Kuna maoni mengine ni zawadi ya kipindi kizima. Ikiwa umekulia Arusha au upande wa Meru, huenda meno yako yana madoa ya kahawia, na mtoto wa Kasulu hajawahi kuona meno ya namna hiyo. Atakuuliza kama huwa unapiga mswaki. Weka chaki chini, futa ratiba uliyopanga, ufundishe. Waeleze kwamba maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na kwamba mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi hutokwa na meno yenye madoa, hata apige mswaki namna gani. Waambie Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kisha waulize maji yao wanayachota wapi na yanapita kwenye udongo gani. Hakuna picha kitabuni itakayowafundisha jambo hilo vizuri kuliko mdomo wako ulioachama.

Sasa ujue uzito wa maneno. "Mwalimu, umenenepa" hupokelewa kwa "asante". Maana yake umekula, umetulia, kijiji kimekutunza, na wazazi wakisikia watajisikia wamefanya kazi yao. "Umepauka" ni ushauri wa mafuta ya kupaka, hasa Julai vumbi linapotawala. "Umekonda" ni jambo jingine, na hapo uwe makini zaidi. Mkoa wa Kagera, unaopakana na huku kwa upande wa kaskazini, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogundulika mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye watu wa ukanda huu walisoma ugonjwa kwenye mashavu ya jirani yao kabla ya kipimo chochote. Bibi aliyeishi miaka hiyo ndiye aliyemlea mtoto anayekuambia umekonda. Mtoto anakuuliza kama utaendelea kuwapo. Mjibu hivyohivyo: "Nilikuwa na malaria, nimepona. Nipo."

Kwa madamu nina maneno ya pekee. Utaulizwa kama una mimba siku ambayo umeshiba tu, na utaulizwa mbele ya watu. Kwa mwanamke anayetafuta mtoto miaka nenda rudi, swali hilo linachoma, na sitakuambia ulipokee kwa tabasamu. Sema kwa utulivu: "Hapana. Na hilo ni jambo la mtu mwenyewe, huwa haliulizwi." Mtoto wa miaka tisa ataelewa na hataumia. Kijana wa madarasa ya juu anayetaja umbo lako akiwa anacheka na wenzake nyuma ya darasa hayumo kabisa katika mwongozo huu. Huyo anajua anachofanya. Mpeleke kwa mwalimu wa nidhamu siku hiyohiyo, na usikubali mwenzako ofisini akwambie kwamba huo ni utani wa vijana.

Fimbo iache ilipo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Jaribu kuandika sababu kwenye kitabu hicho: "Alisema mwalimu ana kitambi." Mkaguzi akifika atasoma, kisha atakutazama, na atakuta mtoto alikuwa sahihi. Hata pasingekuwa na kanuni, mtoto anayechapwa kwa kusema alichokiona hajifunzi adabu. Anajifunza kufumba mdomo, na mdomo huo hautafunguka tena utakapouliza nani hajaelewa kugawanya.

Halafu nenda mstarini siku ya ukaguzi wa usafi ukatazame shule kwa macho ya mtoto. Mwalimu wa zamu anapita safu kwa safu. Kucha. Meno. Shingo. Nywele za msichana zikizidi kidogo, zitakatwa. Soksi zishushwe zionekane, kola igeuzwe. Aliyekuja na shati lililochanika begani anatolewa mbele, wenzake mia kadhaa wanamtazama, na sababu ya kuchanika kwa shati hilo anaijua yeye na mama yake tu. Ndani ya darasa tunaendelea. "Wewe mfupi, njoo mbele." "Kibonge, funga dirisha." "Kimbaumbau, futa ubao." Tunawatazama miili wiki nzima, kwa sauti, mbele ya kadamnasi, tukiwa na daftari la majina mkononi. Siku mtoto anaporudisha macho tunaita utovu wa adabu. Mimi naona amefuata mfano. Kwa hiyo hatua iliyo ngumu kuliko zote katika mwongozo huu ni hii: muite kila mtoto kwa jina lake. Ukaguzi wa usafi ufanye, una faida yake, lakini mwenye shati lililochanika muone ofisini, peke yake, na uwe na sindano na uzi.

Watoto wa huku wana sababu zaidi ya kuhitaji kutazamwa kwa heshima, na hapa ndipo linaporudi lile la Korea, la kutazamwa kunakoamua riziki ya mtu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, mpaka wa Burundi upo karibu, na Waha wengi wakisafiri hukutana na mtu wa kuwasimamisha kwenye kizuizi na kuwauliza uraia wao kwa kuwatazama sura na kusikiliza matamshi. Mtoto ameona baba yake akishushwa kwenye basi kutafuta kitambulisho. Kambi ya Nyarugusu, iliyopo Kasulu tangu mwaka 1996, na ile ya Nduta huko Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, zilipokea watoto wengi waliokimbia Kongo na Burundi, waliosoma mitaala ya nchi zao na mara nyingi kufundishwa na wakimbizi wenzao. Ukikutana na watoto hao, kanuni inageuka kabisa. Wao wanaweza kuuliza kuhusu kovu lako. Wewe usiulize kuhusu la kwao.

Na ipo Kabanga. Shule maalumu ya Kabanga, hapo Kasulu, ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbilia usalama pale mauaji na mashambulizi yaliposhika kasi kuanzia mwaka 2007, yaliyofanywa na watu waliodanganywa kwamba viungo vya wenye ualbino huleta utajiri. Watoto wadogo walitenganishwa na wazazi wao, wengine kwa miaka, kwa sababu ya rangi ya ngozi. Katika wilaya yenye historia hiyo, mtoto anapomwita mwenzake "zeruzeru" uwanjani, usitumie njia yako ya mvi. Simamisha mchezo. Mchukue pembeni, mweleze neno hilo limewafanya watu nini, na mwambie kwamba kusema mwalimu ana kipara na kusema mwenzako ni zeruzeru ni mambo mawili tofauti. Mwalimu ana mshahara, ana cheo, ana mlango wa ofisi wa kufunga. Mwenzako hana pa kwenda. Kisha mtazame mtoto aliyeitwa hivyo: ana kofia pana? Ana shati la mikono mirefu la kuzuia jua? Ameketi karibu na ubao, maana macho yake hayaoni mbali? Ukimwona kwa namna hiyo, umemlinda zaidi ya hotuba yoyote ya Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino.

Haya yakishaeleweka, lifanyie kazi lile jicho lao kali, maana ni kipaji. Subiri mpaka mwezi wa pili wa kukaa nao, kisha toa zoezi la insha ya wasifu. Waruhusu wakuandike wewe, au babu, au wao wenyewe. Mwenzao asiandikwe mpaka mwenyewe amekubali. Wape kipindi kizima na usizunguke kuchungulia. Jioni, kaa na daftari zao. Utakuta mtu anayefanana na wewe ana "tumbo mkubwa", "masikio wakubwa" na "nywele kidogo", anatembea haraka mvua ikikaribia, na anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Sahihisha kwa kalamu nyekundu: tumbo kubwa, masikio makubwa, nywele chache. Aliyetambua kwamba unacheka kabla ya kumaliza, muongezee alama mbili, na kesho asome insha yake mbele ya darasa, wewe ukiwa umekaa kwenye dawati lake.