Kanuni za Ndumba: Uainishaji wa Uchawi wa Nguzo za Umeme, Kipawa

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huzunguka meza, kila mmoja akijifanya mtu wa hadithi: mpiganaji, mwizi, kuhani, mchawi. Msimamizi anasimulia, kete yenye pande ishirini inaamua. Kwamba mchezo una uchawi si ajabu kwa mtu wa Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba uchawi huo una kitabu cha sheria. Kila ndumba imepewa daraja, kutoka zile ndogo za mazoezi hadi daraja la tisa. Imewekewa masafa, muda wa kudumu, viungo vinavyotakiwa, na nafasi ya mlengwa kujinasua. Mchawi wa mezani haamki tu asubuhi akamloga jirani. Anafungua kwanza ukurasa.

Huku kwetu fani ina wateja tele na kitabu hakuna. Makala haya yanaziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni Kipawa, wilayani Ilala, kuanzia kituo cha daladala kwenye Barabara ya Nyerere hadi vichochoro vya kuelekea Karakata. Maktaba iliyotumika ni nguzo za umeme, ambako machapisho ya fani hubandikwa kwa gundi, hubanduliwa na mvua, kisha hutolewa toleo jipya. Mbinu ya utafiti ni kusoma huku ukijifanya unasubiri gari.

Chapisho la kawaida ni karatasi moja iliyotolewa kopi mara nyingi hadi wino umekuwa wa kijivu. Juu kunaandikwa mtaalamu atokako: Sumbawanga, Tanga, Pemba au Nigeria. Hakuna hata mmoja anayetoka Kipawa, kwa kuwa mganga wa mtaani kwenu unamjua madeni yake. Kisha inakuja orodha: mapenzi, kesi, biashara, cheo kazini, mali iliyoibwa, nyota iliyofifia, nguvu za kiume. Chini kuna namba ya simu na ahadi kwa herufi kubwa: MALIPO BAADA YA MAFANIKIO. Katika mchezo, uchawi umegawanywa katika shule nane, na mwanafunzi huanza na ndumba chache za daraja la kwanza. Mtaalamu wa nguzo hufundisha shule zote nane, na anapatikana hata Jumapili.

Kundi la kwanza: za kuvuta

Mfano halisi: limbwata.
Masafa: urefu wa mwiko.
Viungo: havitajwi mbele ya wageni.
Muda: hadi mawifi watakapokaa kikao.
Kujinasua: kurudi kula kwa mama.

Mchezo nao una ndumba ya kumlainisha mtu akuone rafiki. Kwa kanuni za toleo la 2014, inadumu saa moja tu. Mlengwa anapewa nafasi ya kurusha kete ili aikatae. Na kuna sharti ambalo mwanafalsafa wa maadili angelisimamia kwa miguu yote miwili: muda ukiisha, aliyelainishwa anajua kwamba alifanyiwa, na anajua ni nani aliyemfanyia. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili hujiuliza mara mbili, maana saa ya pili lazima ifike.

Limbwata halina saa ya pili. Mlengwa haulizwi, haambiwi, na akimpenda mkewe kupita kiasi mtaa unashuku mchuzi. Hapa ndipo penye dhuluma maradufu, kwani mwanamume akifanya jambo la kawaida kabisa, kama kufua nguo za mtoto au kurudi nyumbani saa moja usiku, sifa yake inapewa limbwata. Utafiti huu haujampata mwanamke wa Kipawa aliyetuhumiwa kumpenda mumewe kwa nguvu za ndumba.

Kundi la pili: za kukinga

Humu wamo zindiko, kago, hirizi na fingo linalofukiwa kizingitini. Ndilo kundi lenye heshima kuliko yote, kwa sababu kila anayemiliki kinga hudai hana silaha.

Maabara yake kuu ni mpira. Vilabu vyetu vina wataalamu wasiovaa jezi, nao kwa heshima huitwa kamati ya ufundi. Timu huonekana ikikwepa mlango rasmi wa uwanja na kuingilia upande usiotarajiwa. Faini inatozwa, inalipwa, na mechi ya marudiano mambo ni yale yale. Mwaka 2002, kabla ya fainali za Mataifa ya Afrika nchini Mali, Shirikisho la Soka Afrika lilipiga marufuku waganga kuwemo katika misafara ya timu. Fainali zikaendelea, na kabla ya nusu fainali mjini Bamako polisi wakamkamata Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Cameroon, wakimtuhumu kuweka hirizi uwanjani. Cameroon ikaifunga Mali 3-0. Mwainishaji makini anabaki na swali gumu: kama hirizi ilikuwepo, ilifanya kazi ikiwa mikononi mwa polisi? Na kama haikuwepo, Mali ilifungwa na nini?

Machi 8, 2025 watani wa jadi, Simba na Yanga, hawakucheza kabisa. Simba ilisema ilizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa jioni ya siku iliyotangulia, mchezo ukaahirishwa, na ulipochezwa Juni 25 Yanga ilishinda 2-0. Ubishi rasmi ulikuwa wa kanuni za ligi. Kwenye vijiwe vya kahawa ubishi ulikuwa mwingine kabisa: nani alitaka kufukia nini, na nani alishalifukua. Katika mchezo wa mezani ndumba ya kuzuia ndumba ipo, nayo ni ya daraja la tatu, inapigwa papo hapo mwenzako anapoanza kuloga. Ya kwetu inaweza kupigwa usiku wa kuamkia mechi, na inazuia hata mazoezi.

Kundi la tatu: za kuchota

Chuma ulete ndiyo ndumba ya kiuchumi. Mteja analipa noti, anaondoka, na noti hiyo inaondoka na wenzake waliokuwa kwenye droo. Mama mwenye genge la nyanya na vitunguu anaichukulia kwa uzito unaostahili: ndimu kavu iko chini ya kikopo cha hela, chenji anaiweka juu ya meza badala ya kuitia mkononi, na hela ya mteja wa kwanza hachanganyi na nyingine mpaka jua limepanda. Jioni hesabu ikipungua, mhusika anajulikana. Kwamba kijana wa dukani alikunywa soda tatu bila kuandika ni nadharia ambayo haijapata wafuasi.

Swali la kitaalamu lililobaki wazi ni hili: je, chuma ulete inafika kwenye floti ya wakala? M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na hadi leo fani haijatoa mwongozo. Wapo wanaosema fedha ya kwenye simu haina harufu, kwa hiyo haifuatiki. Wapo wanaosema makato ya miamala ndiyo chuma ulete yenyewe, ila imesajiliwa.

Kundi la nne: za kunasa

Tego hukaa kimya mpaka ligongwe. Mume anasafiri, anamtegea mkewe, na atakayekula cha mwenziwe atanaswa palepale mpaka mwenye tego arudi. Kwa kanuni za mchezo hii ingeitwa ndumba yenye kichocheo, inayosubiri tendo maalumu ndipo ifyatuke. Kimaadili ina sifa ya pekee: inasifiwa na umma mzima, wakiwemo wale ambao ingewanasa. Umma huo haujawahi kuuliza kwa nini habari za tego huwa ni za mtaa wa pili. Mtu wa Kipawa husikia limetokea Kiwalani. Wa Kiwalani husikia limetokea Kipawa.

Kundi la tano: za anga

Ungo ni chombo cha usafiri wa usiku. Kipawa imepakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na ndege hushuka zikikaribia kugusa mabati. Ungo wowote unaoruka hapa unapita katika anga inayoongozwa kwa rada, bila taa, bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na rubani akiwa hana nguo. Wachawi wa Kipawa ama ndio marubani hodari kuliko wote nchini, ama hutumia daladala kama sisi.

Radi ni ya Sumbawanga kwa hati miliki. Radi ya kitabuni ni ndumba ya daraja la tatu: inakwenda mstari ulionyooka kama mita 30, na viungo vyake ni kipande cha manyoya pamoja na kijiti cha kaharabu au kioo. Mita 30 haikuvushi hata Barabara ya Nyerere. Ya Sumbawanga inasemwa hutoka Rukwa, ikavuka mikoa, ikamtafuta mdaiwa mmoja Dar es Salaam na kumpata chumbani kwake. Posta ingetamani ufanisi huo.

Tatizo la masharti

Baada ya kuainisha, twende kwenye kiini. Mchezo una masharti na mtaa una masharti, na msomaji mwepesi atadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Sharti la mchezo huandikwa kabla kete hazijarushwa. Ukitaka kumfufua mtu kwa ndumba ya daraja la tano, unajua mapema kwamba asiwe amekufa zaidi ya siku kumi, na kwamba unahitaji almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu, ambayo itaungua yote. Sisi wenye mgodi wa almasi wa Mwadui tungekuwa na nafuu. Mambo yakienda mrama, kila aliye mezani anaona kosa liko wapi.

Sharti la nguzo hugunduliwa baada ya kushindwa. Uliambiwa usiangalie nyuma, uliangalia? Uliambiwa usimsalimie mtu njiani. Hukumsalimia hata konda? Kuku alitakiwa awe mweusi. Una hakika hakuwa na unyoya mmoja wa kijivu? Hakuna mteja anayefaulu mtihani huu, na ndiyo kazi yake. Sharti la mezani humlinda mchezaji asionewe na msimamizi. Sharti la mtaani humlinda mtaalamu asidaiwe na mteja. Hata ile ahadi ya malipo baada ya mafanikio ina mlango wa nyuma: malipo kweli ni baadaye, ila vifaa ni sasa, na ubani haukopeshwi.

Jambo hili wataalamu wa kweli waliliona zamani. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, alieleza jinsi kuku anavyolishwa sumu ili ajibu swali, kisha kuku wa pili akaulizwa kinyume chake ili kuthibitisha. Majibu yakigongana, sumu iliharibika, au mtu alivunja mwiko, au kuna uchawi ulioingilia. Imani yenyewe haikuguswa. Na kabla ya hapo, katika Vita vya Majimaji, maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalikuja na miiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore. Risasi za Wajerumani zilipoua, wapo waliosema marehemu walikuwa wamevunja miiko. Kinjikitile hakuwa mfanyabiashara wa nguzo. Aliwaunganisha watu dhidi ya dhuluma na Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Lakini mantiki ya sharti ni ile ile, na waliolipa ni walioamini.

Sheria na pale mzaha unapokoma

Nchi ina kitabu chake pia. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa na Waingereza mwaka 1928 na ingalipo. Haikusumbuka kuuliza kama uchawi unafanya kazi. Kujitapa tu kwamba unao kunatosha kukuingiza hatiani. Kwa usomaji mkali, mchezaji anayejitambulisha mezani kuwa mchawi wa daraja la tisa aanze kutafuta wakili. Tiba asili, kwa upande wake, ina Sheria ya mwaka 2002, na mganga halali husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nguzo ya umeme haimo katika orodha ya ofisi za Baraza hilo.

Kuna ndumba moja ambayo uainishaji huu unakataa kuipa kundi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi hii kwa sababu mtu fulani aliambiwa kiungo cha binadamu ni kifaa cha kupata utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasiosajiliwa kwa sababu hiyo. Huo si uchawi wa daraja lolote. Ni mauaji, na aliyetoa orodha ya vifaa ana damu mikononi sawa na aliyeshika panga.

Hukumu ya makala haya, basi, ni fupi. Uchawi wenye kanuni zilizoandikwa ni mchezo, na uchawi usio na kanuni ni biashara ambayo hasara yake hubebwa na mteja peke yake. Ukiombwa hela ya vifaa, dai kwanza masharti yote kwa maandishi, yenye tarehe na saini, kabla kuku hajanunuliwa. Mtaalamu akikataa, mnunue kuku huyo hata hivyo, awe wa rangi yoyote, ukale na wanao.