Nimevuliwa Viatu kwa Heshima ya Nyenje

Khon Kaen, Thailand
Aprili

Wapendwa wote wa Kamachumu,

Baba asomewe barua hii kwa sauti, na msomaji asiruke pale nilipotaja mavi.

Jumapili nimevuliwa viatu, nikakanyagishwa maji ya dawa, nikapewa ndala za wenyewe, yote hayo ili nisije nikawaambukiza nyenje maradhi. Ndiyo, nyenje. Hao hao wanaopiga kelele usiku nyuma ya jiko la Mama, ambao tangu nizaliwe sijasikia mtu akiwaulizia hali. Aliyenipeleka huko ni mama mwenye nyumba wangu, alipokwenda kuwasalimu watu wake kijijini. Lakini mambo yalianzia sokoni, kwa hiyo niacheni nianzie huko. Habari za sikukuu yao ya mwaka mpya, nilivyomwagiwa maji na watu nisiowajua nikiwa na suruali ya kanisani, nitawapa siku nyingine.

Huku Isan, kaskazini-mashariki ya nchi, soko la kijiji huamka kabla ya jua. Ukifika saa tatu unakuta watu wanakunja maturubai na mbwa wanafanya usafi. Mengi mngeyatambua: mafungu ya nyanya, kina mama wanaobishana bei huku wakiulizana habari za wagonjwa, mzee aliyekaa tu bila kuuza chochote. Wali wao unanata, wanaubeba kwenye vikapu vidogo vya mwanzi na kuumega kwa mkono. Siku ya kwanza kuona hivyo nilitaka kuwakumbatia, maana nilikwisha kuchoka na vijiko.

Tukafika kwenye meza ya bibi mmoja muuza wadudu. Mnanijua. Nikatoa kifua mbele, nikamwambia mama mwenye nyumba asinichukulie kama wale watalii wa Bangkok wanaopigwa picha na nge kwenye kijiti halafu wanamtupa pipani. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimelelewa kwa senene. Kwa wadudu, anayepaswa kupewa somo ni yeye. Akatabasamu, akanisogeza karibu na meza.

Trei ya kwanza ilikuwa na wadudu wa hariri, wanene, wametulia. Wilaya ya Chonnabot, mkoa huuhuu wa Khon Kaen, inasifika kwa vitambaa vya hariri. Mama anayevuta uzi huchemsha vifukofuko sufuriani, anavuta mpaka uzi unaisha, na mdudu anayebaki ndani anaishia mdomoni huku kazi ikiendelea. Kitenge cha Mama cha Pasaka hakijawahi kumpa mtu kitafunwa.

Trei ya pili, mayai ya maji moto! Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe, waliowahi kumteremsha shemeji wa Muheza mtini bila ngazi. Huku wanatafutwa kwa makusudi. Kiangazi, mtu anachukua mwanzi mrefu wenye kikapu nchani, anachokoa kiota, mayai yanamwagika kikapuni pamoja na wenye mayai wakiwa na hasira zao. Kisha wanamwagiwa unga, miguu inakosa pa kushika, wanakung'utwa na kubaki wakitangatanga chini. Mayai hayo niliyala kwenye supu. Yanapasuka mdomoni, yana uchachu kidogo, na niliongeza bakuli.

Trei ya tatu ndiyo ile ambayo msomaji asiiruke. Mbawakawa weusi, wanang'aa, wamejaa pomoni. Nikauliza wanapatikana wapi. Mama mwenye nyumba akaelekeza kidole kwa nyati aliyekuwa amelala ng'ambo ya barabara. Nikadhani hajanielewa. Akaelekeza tena, safari hii upande wa mkia. Wanafukuliwa kwenye mavi yake. Akanituliza kwamba kwanza hulowekwa majini usiku kucha ili wajisafishe tumbo. Nikauliza kama maji yale hubadilishwa. Akacheka sana, na hilo likawa ndilo jibu.

Pembeni kulikuwa na mdudu wa majini anayeitwa maengda, anayekaribia urefu wa kidole changu. Dume lake linanukia tunda lililoiva, kwa hiyo ni ghali kuliko jike. Mmoja tu akitwangwa na pilipili, kinu kizima kinanukia. Mjomba, tulia, hawajasema lolote kuhusu wanaume wanaojipulizia manukato ya dukani. Kilichonichangamsha ni kusikia kwamba wanamnasa usiku kwa taa za buluu wanazotundika juu ya mabwawa. Nikamsimulia mama mwenye nyumba mitego yetu ya senene: taa kali, mabati yaliyosimamishwa, mapipa chini yake, jenereta linaunguruma mpaka alfajiri na majirani hawalali. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akaniangalia kwa heshima.

Sasa njooni kwenye malipo. Nilitoa noti. Bibi, ambaye kwa umri angeweza kumtuma Bibi yetu maji, akaitazama noti ile kwa huruma, akanisogezea kadi ya plastiki yenye yale madoadoa ya kuskani kwa simu. Nikaskani. Kimya kidogo. Halafu chini ya meza, jirani na ndoo ya vyura walio hai, kisanduku cheupe kikapaza sauti ya msichana mwenye adabu zake na kulitangazia soko zima kwamba zimepokelewa baht 20.

Ndugu zangu, fikirieni. Mhaya, shati limepigwa pasi, tai hakuvaa kwa sababu ya joto tu, anatangazwa kwa spika ugenini kwamba manunuzi yake yote ni baht 20, hela ya soda. Kwetu lipa namba ina staha: ujumbe unaingia kwenye simu ya muuzaji, anausoma kimoyomoyo, anasema "imeingia", mengine yanabaki siri yenu wawili. Kisanduku hiki hakina siri. Nimekichunguza sana. Hakina kitufe cha kunong'ona. Mwenye kununua fungu moja la mchicha anatangazwa, mwenye kununua kapu zima anatangazwa, na yule aliyedanganya nyumbani kwamba hana hela anatangazwa pia, mkewe akiwa meza ya tatu. Nimeambiwa kiliwekwa ili wauzaji wasidanganywe na picha za malipo ya uongo. Sawa, lakini heshima ya mteja nani anailinda? Nikaagiza tena, safari hii za baht 100, nikasimama karibu na spika na kungoja. Kilipotamka mia, nikaitikia kwa kichwa kushoto na kulia. Kumbe baht 100 ni wadudu wengi mno, na kwa kuwa lugha haikupita vizuri kati yangu na bibi, mfuko aliujaza wale wa nyati.

Bibi aliwakaanga wote pamoja na mchaichai na majani ya ndimu, akawapulizia sosi kwa ile chupa ya maji ya vinyozi, akanyunyiza pilipili manga nyeupe. Nikaanza na mdudu wa hariri. Mwili ulikataa. Mimi niliyewaita washamba wenzangu wa bwenini Dar walipokimbia kopo langu la senene, yule wa Moshi akifungua dirisha na kuziba pua, nilisimama katikati ya soko nimeshika kitu cha inchi moja na koo limefungwa. Mama mwenye nyumba alikuwa anatafuna vyake bila kuniangalia, na hilo lilinichoma zaidi. Nikameza. Ni kiini cha yai lililochemshwa jana, hakuna zaidi. Mbawakawa ni mgumu nje na ndani hana habari. Wa kwanza nilimla kwa ajili ya taifa, waliobaki nikawagawia wazee kwa ukarimu mkubwa.

Walikuwamo na nyenje, na hao ndio walionipata. Walikuwa wa moto, wana chumvi, na ile harufu ya mafuta yao ikanipanda puani, mara nikawa jikoni kwa Mama mwezi wa Novemba. Sisi watoto tumeketi chini tunanyonyoa miguu na mabawa, vidole vinanata, sufuria haina hata tone la mafuta ya dukani kwa sababu senene hujikaanga wenyewe. Bibi anasimulia kwamba enzi za usichana wake wanawake waliwakamata na kuwakaanga, ila kuwala wakaachiwa wanaume, na huku anasimulia mkono wake haukauki sahanini. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama pilipili imenizidi. Nikasema ndiyo.

Msidhani watu hawa wanakula wadudu kwa kukosa nyama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 panzi walivamia mahindi ya nchi hii. Dawa ikapuliziwa kwa ndege, panzi wakaendelea na shughuli zao. Ndipo wananchi wakahamasishwa wawale, wakawala kwa bidii mpaka panzi akageuka bidhaa, na wakatokea wakulima wa kupanda mahindi ili panzi wapate chakula. Na huku Isan mambo yalikwenda mbele zaidi: Chuo Kikuu cha Khon Kaen kilianza kuwafundisha wanavijiji kufuga nyenje mwaka 1998, na ripoti ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013 ilihesabu wafugaji kama 20,000 nchi nzima.

Mmoja wao ni kaka yake mama mwenye nyumba, na hapo ndipo viatu viliponitoka. Serikali ilitoa kiwango rasmi cha ufugaji bora wa nyenje mwaka 2017, naye anakifuata kuliko mimi ninavyofuata amri za kanisa. Mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyaga. Ndani ni vizimba vya saruji vilivyofunikwa vyandarua. Ndiyo, wanalala kwenye neti, na nakumbuka mimi nilikuwa nalilia neti. Trei za mayai zimepangwa wima ili wapate vyumba, utepe laini wa plastiki umezunguka ukingo wa juu ili miguu iteleze wasitoroke. Wanakula chakula cha kuku, na siku za kuvunwa zinapokaribia wanapewa maboga, nyama ipate ladha. Wakifika siku 45 hivi, wanavunwa. Kelele humo ndani haielezeki. Tulizungumza kwa kupigiana mayowe.

Kaka mtu akataka kujua sisi senene wetu tunawalisha nini. Nikasema hatuwalishi. Akauliza tunawafuga wapi. Nikasema hatuwafugi, wanakuja wenyewe mvua zikinyesha. Akauliza tarehe gani. Nikasema Novemba, pengine Desemba, mwaka mwingine wachache, mwaka mwingine wanakwenda zao Masaka. Akanyamaza, akamtafsiria mkewe. Mke akaniangalia, akamuuliza jambo, naye akanigeuzia: kwa hiyo mnakaa tu mnangoja? Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tena tunangoja tukiwa tumewasha taa. Wakanifungia kilo moja ya nyenje bure, nadhani ni kwa kunionea huruma.

Sasa hoja yangu. Kuna mwenzetu anaondoka Dar mwezi wa Juni kuja huku kusoma. Mama, kama kuna senene waliokaushwa waliosalia tangu Novemba, watieni chumvi kidogo, vitunguu msiweke, muwapakie kwenye kopo la maziwa na kulizungushia utepe. Kaka wa nyenje anataka kuonja, na mimi nimekwisha kumtajia bei ya stendi ya Bukoba na kuizidisha mara tatu. Kufungasha afanye Baba mwenyewe. Ma mdogo nampenda sana, lakini kopo likipita kwake linafika limejaa nusu, na sitaki kuanza kumweleza Mthai kwamba senene hupungua kwa hali ya hewa.

Mtoto wenu wa ughaibuni