Barua Zimekwenda Nyumbani

Naipongeza kampuni yetu hapa Nyeri kwa kutolipia kikoa chake cha .co.ke. Tangu kikoa kife, hakuna mteja anayelalamika: barua pepe zao zinawarudia wenyewe. Ofisi imetulia kama kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, hapa mjini, lenye alama ya duara na nukta, yaani nimekwenda nyumbani. Fundi anasema hata tukilipa leo, huenda seva za dunia zikahitaji saa 48 kupata habari. Haraka ya nini? Kahawa ya Othaya nayo haikaushwi kwa siku moja. Nenosiri la akaunti ya kikoa analo mpwa wa mkurugenzi, aliyehamia Qatar. Usalama gani unaushinda huo? Kadi mpya 500 za biashara zililetwa jana, zina anwani ile ile ya .co.ke.