Barua ya Wazi kwa Kamati Isiyoona Tija

Nyanungu, Tarime

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Kuchuja Maombi ya Ufadhili,

YAH: OMBI LA KUSOMA UZAMILI WA LUGHA NA TAMADUNI ZA ASIA MASHARIKI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Barua yenu ya kunikatalia imefika salama. Nawashukuru kwa kuiandika kwa Kiingereza kilichonyooka, maana kumwambia mtu kwa Kiswahili kwamba kusoma lugha hakuna faida kungeleta ukakasi.

Mmesema fani yangu "haina tija ya moja kwa moja kwa mkoa wa Mara". Sibishi. Mkoa una dhahabu, una ng'ombe, una mahindi. Msomaji wa Konfusio atawekwa wapi? Hata Julius Nyerere wa Butiama, aliyehitimu shahada ya M.A. Edinburgh mwaka 1952 na baadaye akakaa kumtafsiri Shakespeare, nadhani aliutia mkoa hasara kubwa.

Mkanishauri nisome Kichina cha miezi mitatu, nipate kibarua cha ukalimani kwenye saiti za ujenzi za Wachina. Nimewaelewa. Mnataka Kichina cha "leta zege" na "bosi anasema kesho". Mkataba wa ujenzi wenyewe, na fikra za waliouandika, tutasomewa na haohao waliouandika. Wenzetu Wachina hawakujipanga hivyo. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Makubaliano ya reli ya TAZARA yalipotiwa saini Beijing mwaka 1967, wao walikuwa wameshaanza kufundishana Kiswahili darasani. Leo nenda Osaka, nenda Seoul, utawakuta watu wazima wenye akili timamu wanafundisha Kiswahili chuo kikuu, na hatujasikia kwamba uchumi wa Japani umeyumba kwa ajili hiyo.

Kwenye usaili mjumbe mmoja aliguna kwamba toni za Kichina zitanishinda. Mheshimiwa, mimi ni Mkurya. Kichina sanifu kina toni nne, ukikosea moja umetaja kitu kingine. Kikurya kina vituko zaidi: njeo ya kitenzi ndiyo inayoamua toni ya juu ianzie wapi, kwenye pigo la kwanza la shina, la pili, la tatu, au hata la nne. Mkurya mwenzetu, Leonard Chacha Mwita, aliandika tasnifu nzima ya uzamivu kuhusu toni za vitenzi hivyo huko UCLA, Marekani, mwaka 2008. Mama yangu huzipanga zote bila kukosea huku amebana kibuyu magotini anakamua, na ng'ombe anamrushia teke.

Tasnifu yangu mimi ingelinganisha heshima kwa wazee katika mafundisho ya Konfusio na katika inchama. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mmeandika: "Inchama ni nini?" Hapo nilichoka kidogo, kwa sababu nilidhani upande wa China ndio ungewatatiza, siyo baraza la wazee wa mkoa uleule mnaoutafutia tija.

Kwa sasa idara pekee ya Asia Mashariki tuliyo nayo ni banda la video. Ukumbi ni mabati na mabenchi, na mhadhiri ni DJ aliyetia sauti yake juu ya tamthilia ya Jumong. Kwake Wakorea wote wanaongea kama wapiga debe, mfalme akikasirika anafoka kwa lafudhi ya Manzese, na mahali ambapo DJ hakuelewa, anasifia farasi. Darasa linajaa mpaka mlangoni. Ada inalipwa taslimu.

Nimechunguza pia kama yupo mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kwenda China kwa gharama za wengine bila kuulizwa maswali yenu. Mtu sikumpata upesi, ila nimempata twiga. Alitoka Malindi, akafika mwaka 1415, akapokewa kwa heshima katika kasri la mfalme Yongle. Hakuwa na barua ya mwajiri, wala hakujaza kile kisanduku cha "mchango wa fani kwa mkoa".

Kwa hiyo mwakani naomba tena. Kama fomu itakuwa na dirisha la wanyamapori, nipangieni humo. Hifadhi ya Serengeti tunapakana nayo, barua ya utambulisho haitanisumbua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwombaji