Waya Mmoja tu Ushuke Chini

Iringa

Juni 7. Leo nimefunga kompyuta ndogo kwenye stendi ya darubini. Ni Raspberry Pi 4, ukubwa wake kama kadi ya benki, nayo ndiyo itakayoongoza mota na kuiambia kamera lini ipige picha. Umeme nimeuvuta kwa waya wa kuchajia simu wa mita tatu, kutoka kwenye adapta iliyoko barazani. Imewaka vizuri. Kamera ilipoanza kazi, taa nyekundu ya kompyuta ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Picha ya kwanza imeishia nusu.

Juni 8. Nimeiuliza kompyuta yenyewe kwa amri ya vcgencmd get_throttled. Imejibu 0x50005, maana yake umeme hautoshi sasa na haukutosha hata kabla. Nikapima kwa mita: kwenye adapta volti 5.1, kwenye ncha ya waya 4.5. Kompyuta hii huanza kulalamika ikipata chini ya 4.63. Nimeuchana ule waya. Ganda lake ni nene, lakini ndani kuna nyuzi saba za shaba, kila mmoja mwembamba kama unywele.

Juni 9. Nimepita kwa fundi umeme wa magari. Ameushika waya, akaukunja mara moja, akanirudishia.

“Mwalimu, volti tano hazisafiri. Peleka kumi na mbili, uzishushie mlangoni.”

Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu. Kompyuta inakula wati 6 hivi. Kwa volti 5 ni ampia 1.2 zinazopita kwenye waya wenye nusu omu, kwenda na kurudi, na hapo volti 0.6 zinapotea. Kwa volti 12 ni nusu ampia tu. Upotevu ni robo volti, na kishusha volti kikikaa pale pale kwenye kompyuta hakijali robo hiyo. Sheria ya Ohm naifundisha kila mwaka. Leo nimeigusa kwa vidole, na nitawapelekea wanafunzi wangu ule waya waushike.

Juni 10. Mawingu.

Juni 12. Nimeweka betri ya N50, waya mnene wa gari na fyuzi ya ampia 5. Wakati wa kulehemu, chanya na hasi ziligusana. Fyuzi imekatika, kompyuta ni nzima. Fyuzi niliiweka karibu kabisa na betri kama fundi alivyosisitiza, na namshukuru kwa hilo.

Juni 13. Umeme wa mtaa umekatika saa mbili usiku na intaneti imekwenda nao. Darubini inatumia betri, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikaizima kompyuta ili nikaze nati moja, nikaiwasha saa mbili na dakika arobaini. Pi 4 haina betri ya saa; saa huipata kwenye intaneti. Iliamka ikiamini bado ni saa mbili. Mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo dakika 40 ni nyuzi 10, na darubini ikaenda kusimama mashariki mwa nyota niliyoitaka, mahali ilipokuwa kabla sijashika spana. Nimeiwekea saa kwa mkono. Nitanunua kile kifaa cha DS3231 chenye betri yake ya duara.

Juni 16. Usiku mbaya kuliko wote. Omega Centauri, kundi la nyota ninalotaka kulipiga picha, inavuka mstari wa kaskazini-kusini karibu saa mbili na nusu, na ikivuka, stendi ya aina hii lazima iigeuze darubini upande wa pili. Kompyuta nilikuwa nimeifunga mguuni. Darubini ikageuka, kebo ya kamera ikabaki chini. Hapa kwetu ncha ya kusini ya mbingu iko nyuzi 8 tu juu ya upeo, kwa hiyo mhimili wa stendi umelala karibu sawa na ardhi, na chuma cha kusawazisha uzito hupita jirani kabisa na mguu. Kebo imebanwa hapo, ikakaza, ganda likapasuka, plagi ikachomoka. Nilikaa kwenye kigoda nimeishika mpaka baridi iliponiondoa.

Juni 17. Kompyuta nimeihamishia mgongoni mwa darubini, pamoja na kishusha volti. Kebo zote fupi sasa zinazunguka pamoja nayo. Kinachoshuka chini ni waya mmoja tu, wa volti 12, nao nimeuachia kitanzi cha urefu wa mkono. Nikafungua breki za mihimili, nikaizungusha kwa mkono pole pole huku mama akinimulikia tochi. Mzunguko wa pili akaniambia, “Mwanangu, simama. Legeza hapo kwenye kona.” Alikuwa sahihi. Nikazungusha mara tatu zaidi.

Juni 18. Kompyuta imejibu 0x0, haina lalamiko. Volti 5.08. Saa mbili na dakika ishirini stendi imegeuka, waya ukafuata, hakuna kilichobanwa. Picha 60, za dakika moja moja. Nimemwita mama aone kwenye kioo: nyota karibu milioni 10 zimesongamana, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000.

“Hizi zote ni nyota?”

“Zote, mama.”

Akauliza kama kwa macho matupu inaonekana. Nikamgeuza kusini, nikamwonyesha Msalaba, kisha juu yake kushoto, pale penye kinyota chenye ukungu. Hakukiona. Nikaenda kuzima taa ya barazani.