Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba

Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na ofisini kwako kuna joto la kutosha.

Nakuandikia nikiwa Bronx, ghorofa ya pili, nimevaa koti, soksi mbili mbili na kofia ya sufu. Juu ya hayo nimejitanda khanga niliyopewa na mama, ambayo ilinunuliwa Tanga kwa matumizi ya Tanga.

Tangazo ulilobandika mlangoni nimelisoma: boila imepata hitilafu, fundi amekwisha arifiwa, tunaomba radhi kwa usumbufu. Nimelipenda. Lina adabu zote isipokuwa tarehe. Limekaa pale hadi kingo zimejikunja, na mtoto wa jirani amelichorea masharubu.

Sheria ya jiji la New York unaijua kuliko mimi. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, nje kukiwa chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, ndani kusipungue 68 tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Kwetu tuliokulia Selsiasi, hiyo ni 20. Usiku ni 62, kama 17 hivi, nje kuweje kuweje. Sheria iliweka sakafu, wewe ukaifanya dari, na boila yako imetuteremsha hadi stoo.

Boila yenyewe, siku inapoamua kuishi, ina upendeleo. Ni ya mvuke, moja kwa jengo zima, na chumbani kwangu hakuna kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Bibi wa Kidominika wa ghorofa ya sita hufungua madirisha katikati ya Januari ili asiive. Kwangu bomba linagonga usiku kucha, ding, ding, ding, kisha vali inatoa pumzi moja ya kinyonge na kunyamaza. Fundi alipokuja aliligonga naye kwa spana, likamjibu, akaonekana kuridhika. Nilipiga 311, simu ya malalamiko ya jiji. Mkaguzi wa jiji alifika mchana ambao boila ilikuwa imefufuka, akapima, akanitakia siku njema.

Karani wako, Mungu ambariki, alinishauri ninunue hita ndogo ya umeme. Ushauri mzuri sana kwa upande wako. Joto la boila limo ndani ya kodi, unalilipia wewe. Umeme wa chumbani naulipia mimi. Kwa hiyo kila nyuzi moja inayopotea kwako inazaliwa upya kwenye bili yangu, na hitilafu yako inakuwa mradi.

Na hapa kejeli naiweka kando kidogo. Hapa hapa Bronx, Januari 9, 2022, hita ya namna hiyo, iliyoachwa ikiwaka siku nyingi mfululizo, ilizua moto katika jengo la wapangaji. Milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe haikujifunga, moshi ukapanda ngazi, na watu 17 wakafa, wakiwamo watoto. Wengi walikuwa wa familia zilizotoka Gambia. Wapo pia wanaowasha oveni ya gesi na kuiacha mlango wazi, wakavuta kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Mtu hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya hivyo kwa sababu mtoto anatetemeka.

Basi naomba tukae tuchague joto la kutufaa sote. Mimi napendekeza 72. Wewe, najua, utasema 68. Boila imekwisha piga kura yake: 54. Kwa kuwa kura ya boila ndiyo inayoheshimiwa katika jengo hili, naomba kodi nayo ifuate kipimajoto. Nyuzi zikifika 68, unapata kodi nzima. Zikipungua, kodi inapungua nazo, na siku maji yakiganda kwenye glasi, wewe ndiye utakayenilipa mimi kwa ulinzi wa jengo.

Ukiona hesabu hiyo ni ngumu, njoo ulale hapa usiku mmoja. Godoro la wageni lipo. Blanketi uje nalo.

Nimalizie na habari ya kodi ya Februari, maana najua ndiyo uliyokuwa ukiitafuta tangu juu. Hundi imepata hitilafu. Anayehusika amekwisha arifiwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Wako mtiifu,
Mpangaji, ghorofa ya pili