Jumapili Tuliyokwenda Tanga kwa Treni ya Chini

Jamaa zangu wa kijiwe cha kahawa, Ngamiani, Tanga,

Huku Berlin baridi imetuachia kidogo, na Wajerumani wamejianika kwenye majani kama dagaa wa Deep Sea.

Jumapili hapa ni siku ya makatazo. Maduka yamefungwa kwa sheria, kutoboa ukuta marufuku, hata chupa tupu huruhusiwi kuzitumbukiza kwenye pipa lake, ati zitapiga kelele. Kilichobaki halali ni kutembea. Basi nikamchukua yule Mpemba ninayepanga naye, tukapanda U6, treni ya chini kwa chini, tukashuka kituo cha Afrikanische Straße, yaani Barabara ya Afrika. Hakuna aliyetuuliza viza.

Mtaa wenyewe uko Wedding, nao wanauita Mtaa wa Kiafrika. Msidhani uliitwa hivyo kwa ajili yetu tuliokuja na mabegi. Majina yalianza kubandikwa mwaka 1899, Togo na Kamerun zikitangulia, wakati kwetu babu zetu wanahesabiwa vibanda kwa kodi.

Tulipofika Sansibarstraße, Mpemba akaweka sawa kofia yake, akasimama chini ya kibao na kunidai pasipoti. Nikamwambia mimi napita tu, naelekea Tanga. Na kweli, dakika chache baadaye nilikuwa Tangastraße, bila boti wala kutapika njiani. Tanga yao ni safi na kimya. Kilichonikumbusha nyumbani ni baiskeli tu. Kuna Uganda pia, kuna Kongo, na kuna Usambara isiyo na mlima wala plamu.

"Yakhe," Mpemba akasema baada ya kusoma vibao vyote, "Pemba yetu i wapi?"

Hatukuiona. Tangu hapo mwendo wake ukawa wa mtu aliyedhulumiwa shamba la mikarafuu.

Barabara iliyotuchelewesha ni ile iliyokuwa Petersallee. Carl Peters mnamjua: alikuja mwaka 1884 na makaratasi yake ya mikataba kule Usagara, na kwetu akabaki na jina la Mkono wa Damu. Mwaka 1939 Wanazi wakampa barabara. Kelele zikaja kuzidi, na mwaka 1986 wakubwa wa hapa wakapata dawa: jina lisiguswe, ila kuanzia leo Peters huyu ni Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyekuwa upande wa waliompinga Hitler. Wakabadilisha mtu, jina likabaki pale pale, na mpeleka barua wala hakusumbuka. Hiyo ni akili, jamani. Kwetu tungeshaingia gharama ya rangi.

Ujanja huo uliendelea mpaka Agosti 2024. Baada ya vikao, pingamizi za wakaazi na kesi, ndipo jina likaondoka. Kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Kiherero aliyeuawa Windhoek mwaka 1959 watu walipokataa kuhamishwa kwa nguvu. Kipande kingine, shikeni vikombe vyenu vizuri, ni Maji-Maji-Allee. Leo Mjerumani wa kuzaliwa anatoa kitambulisho chake na anwani ni Maji Maji. Kinjekitile wa Ngarambe aliahidi risasi kugeuka maji; hili hakulitaja. Na bili ya maji ya Barabara ya Maji Maji sijui wanaisoma kwa uso gani.

Nikamweleza Mpemba kwamba sisi Ngamiani tuliona mbali: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ishirini na kitu. Namba haijawahi kumnyonga mtu. Akanijibu kwamba watu wa Tanga tulikosa majina kwa uvivu tu.

Chai tulikunywa Müllerstraße kwa Mturuki, kwenye vigilasi vya kiuno. Mpemba aligeuza bei kuwa shilingi, akainywa polepole sana.

Baadaye tukapita Togo, ambako ni bustani za wastaafu. Kila mtu ana kibanda, ua uliokatwa kwa rula, na theluthi ya kiwanja lazima ilimwe chakula, ndivyo kanuni zao zinavyotaka. Palipobaki wanapanda sanamu za vibabu vyenye kofia nyekundu. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia nyanya akatuuliza kwa upole tunatoka wapi. Nikasema Tanga.

"Aa, Tangastraße!" akafurahi. "Hapo karibu tu!"

Akamgeukia mwenzangu. Mpemba, kwa shingo upande, akasema Zanzibar. Mzee akatupongeza kwa kuishi jirani, akatupa nyanya.

Tukamalizia bustani ya Rehberge. Pana zizi kubwa la nguruwe mwitu, na familia nzima zinakwenda kuwatazama. Zamani Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, alitaka kujenga maonyesho hapa, wanyama wa makoloni pamoja na watu wao. Vita vya 1914 vikauvunja mpango. Mpemba alisimama mbali na zizi, mikono nyuma.

"Yakhe, tumeponea chupuchupu kuwa majirani wa hawa."

Njiani kurudi akanitaka, mimi mwenye Kijerumani kirefu kidogo, nimwandikie barua serikali ya mtaa kuomba Barabara ya Pemba. Nikamkumbusha kwamba tangu Peters abadilishwe Peters mpaka jina kuondoka ilichukua miaka 38. Akasema yeye hana haraka, wasubiri tu wakitaka, lakini barabara ikitoka iitwe Wete. Wakiandika Chake Chake, anakwenda mahakamani.